Kamba ya Nne

Jumatano, 9 Januari 2019

Daftari hili nilimnunulia Vola. Alikuwa anachora-chora kwenye karatasi za hesabu ya karafuu za baba yake, nikaona bora awe na lake. Lina picha ya kasa. Alichora kurasa mbili, miduara mitupu. Tangu Machi limekaa sandukuni. Leo nimelitoa. Miduara yake nimeiacha, nimeanzia ukurasa wa tatu.

Nina hasira, ndiyo maana naandika. Nikifungua mdomo nitapasuka.

Tombo ametimiza miezi minane. Asubuhi nimehesabu alama za mbu mwilini mwake. Kumi na saba! Shavuni, sikioni, mpaka kwenye kope. Mama mkwe kaniona nahesabu. Akasema watoto wote wa huku wanaumwa na mbu na bado wanakua. "Si wote, Mama," nikamjibu. Akainamia ungo wake wa mchele.

Vola alikuwa na miaka mitatu na miezi minne. Homa siku nne, ya tano hatunaye. Na chandarua nilikuwa nacho! Niliandike wazi, hapa hakuna wa kunisoma. Nilipewa zahanati nikiwa na mimba ya Tombo. Kilikuwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, ndani ya sanduku, chini ya nguo zangu, hatua tatu kutoka alipokuwa anatetemeka mwanangu. Hatukukitundika kwa sababu ya kamba ya nne.

Niliambiwa nisubiri, nikasubiri. Nilitii. Ninaliandika neno hilo nilione lilivyo baya.

Ijumaa, 11 Januari

Nimekitoa kwenye mfuko. Bado kinanuka dawa. Feno, mume wangu, kakaa mlangoni ananitazama kama mtu anayeona mvua inakuja na nguo ziko kambani.

Chandarua kina pembe nne, na kila pembe ina kitanzi. Kamba tatu hazina ugomvi na mtu. Ya nne ndiyo kesi. Lazima ifungwe kwenye nguzo ya kaskazini-mashariki, na nguzo hiyo ni ya wazee, wale waliokufa. Hapo ndipo baba mkwe, Mzee Totobe, anapomwaga pombe ya miwa na kusema nao kwa niaba ya ukoo mzima. Nyumba hii aliijenga babu yake. Sisi tunalala tu. Yeye analala nyumba ya pili, ng'ambo ya uwanja, lakini kila asubuhi anapanda ngazi yetu kuiamkia pembe yake kabla hajaniamkia mimi.

Ukoo huu haufungi kitu kwenye nguzo ile. Ukiifunga, umewafunga wazee. Na chuma ndiyo usitaje kabisa!

Kwetu, ng'ambo ya mto, pembe hiyo tunaiheshimu pia. Ila marehemu bibi yangu alikuwa anatundika kofia yake pale, na hakuna marehemu aliyewahi kulalamika.

Jumapili, 13 Januari

Nimetundika kwa kamba tatu. Pembe ya nne nimeiacha ianguke, nikaishindilia chini ya godoro. Kimelala upande, kama kuku aliyevunjika bawa. Feno kacheka, na mimi nikacheka. Siku nyingi sijacheka na mume wangu.

Asubuhi sikucheka. Pale kilipoinama ndipo Tombo alipouegemeza mkono, na mbu wamemnyonya kwa nje, kupitia matundu. Alama tisa kwenye mkono mmoja. Nikamwambia Feno, wanaingilia upande wa wazee wenu. Akaniambia nipunguze sauti. Nipunguze kwa nani? Kwa mbu?

Jumatano, 16 Januari

Nimejaribu kila njia. Mtu asije akasema sikujaribu.

Nimesogeza kitanda kusini. Huko ndiko kwenye meko. Cheche imeruka ikatoboa tundu la kuingia kidole gumba. Nimelishona.

Nimegeuza kitanda, kichwa magharibi. Mama mkwe alipiga ukelele ungedhani ameona nyoka. Kichwa ni mashariki au kaskazini, basi! Nimekirudisha.

Nimesimamisha ufito wa mwanzi ndani ya kopo la mchanga. Huo kidogo ufae. Kisha akaja Lanto, mjukuu anayelelewa na mama mkwe, miaka mitatu, mikono haitulii. Kavuta. Ufito ukamshukia kichwani, mchanga ukamwagika kwenye mchele. Kilio cha Lanto, kelele za bibi yake, Tombo naye anacheka! Nimechoka.

Mtoni wanawake wananong'ona, wananong'ona kwa sauti ya kunifikia. Eti Mama Tombo anamlaza mtoto ndani ya sanda. Nyeupe ile, eti, ni rangi ya kuzikia. Nikanyanyuka na ndoo yangu. Nikawaambia sanda nimeshanunua moja, ya pili sinunui. Wakainamia nguo zao. Nimerudi nyumbani na ndoo nusu, lakini nimesema!

Jumamosi, 19 Januari

Nimefunga. Kamba ya katani, mafundo mawili, kwenye nguzo yao.

Asubuhi nimemvua Tombo nguo zote nikamgeuza huku na huku. Hakuna! Hata moja! Ngozi kama ya siku aliyozaliwa. Nimembusu tumbo mpaka akakasirika.

Kisha nikasikia ngazi inalia. Mzee Totobe. Aliiona kamba kabla hajaniona mimi. Hakugomba. Angegomba ningejua pa kushika. Alichomoa panga lake, akaikata kwa pigo moja, akaviokota vile vipande na kuniwekea kiganjani kana kwamba nimeviangusha.

"Mama Tombo, hapa hafungwi mtu."

Nikasema Baba, sijafunga mtu, nimefunga chandarua. Akasema tutawauliza wazee Agosti, ukoo ukikutana, kwa ng'ombe na kwa adabu. Nikasema hata mwaka jana tuliambiwa Agosti. Agosti ikaja, mkazungumza bei ya karafuu mpaka jua likazama. Feno akakohoa. Mzee akasema Agosti, akashuka.

Agosti! Mbu wanamaliza kazi yao Aprili.

Jumapili, 20 Januari

Nimefunga. Amekata.

Jumatatu, 21 Januari

Nimefunga. Amekata. Kamba inazidi kuwa fupi.

Jumanne, 22 Januari

Haifiki tena. Tumelala kwa kamba tatu.

Leo nimepita njia ya vijito, kule wanakozikwa watoto wachanga. Ambaye hajaota meno anawekwa kwenye udongo wa majimaji, haingizwi kaburi la ukoo, wala hatajwi. Mama mmoja alikuwa ameketi pale na mwamvuli, hana anachofanya. Nikamsalimu nikapita.

Vola alikuwa na meno yote. Mzee Totobe mwenyewe alimbeba, hakutaka mtu amsaidie. Alimwingiza msituni kwenye makaburi ya ukoo, akasema na wazee kwa sauti kubwa: "Mpokeeni, amekuja mwenzenu." Siku hiyo nilimpenda sana mzee yule. Nimelikumbuka leo, sijui kwa nini naliandika.

Alhamisi, 24 Januari

Tombo ana joto.

Ijumaa, 25 Januari

Celestina, mhudumu wa afya wa kijiji, alifika kabla umande haujakauka. Feno alimfuata mbio, kaanguka njiani, goti limechubuka. Celestina kamchoma Tombo kidole, tone la damu kwenye kile kipimo, tukasubiri. Mistari miwili. Malaria.

Nilikuwa nimejua. Bado nikajikuta nimekaa chini.

Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, siku tatu. Kasema tumewahi. Safari ya Vola mto ulikuwa umefurika, Celestina alikuwa amekwama ng'ambo ya pili ananiona na mimi namwona, na hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka. Hatukulisema hilo leo, lakini wote wawili tulikuwa tunalifikiria.

Akauliza chandarua. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaangalia kamba tatu, akaangalia ile pembe, akaanza kufunga mkoba wake. Yeye naye ni mtu wa hapa hapa.

"Dada, hapo mimi siwezi kusema kitu."

Kwenye mikutano anasema sana! Ana hata picha za mbu wakubwa kama mbuzi! Kwenye nyumba ya Mzee Totobe anafunga mkoba.

Jumatatu, 28 Januari

Joto limeshuka. Amenyonya, kisha akanivuta nywele. Nimelia kwa furaha, nimelia tena kwa hofu. Siku tatu nimelala nimekaa, nampepea kwa ungo.

Mama mkwe anachoma maganda ya machungwa mlangoni asubuhi na jioni. Moshi unatutoa machozi sisi, mbu wanakohoa kidogo kisha wanaendelea na shughuli zao. Lakini anachoma. Ndicho anachoweza, nami namshukuru.

Mzee Totobe alikuja na jogoo wake mwekundu, yule anayempenda, akasema apikwe mchuzi nipate maziwa. Akaweka mkono kwenye paji la uso la Tombo. Akauacha hapo mpaka mtoto alipousukuma. Si jiwe, yule mzee. Ndicho kinachoniudhi zaidi! Angekuwa mtu mbaya ningemchukia, yakaisha. Huyu anampenda mtoto, na kesho nikifunga tena, atakata tena.

Jumanne, 29 Januari

Feno ana wazo. Mume wangu hukaa na wazo wiki mbili, halafu hulitoa kwa kunong'ona. Kesho baba yake anakwenda kuangalia ng'ombe upande wa juu. Eti nipigilie msumari yeye akiwa hayupo, tuupake masizi, usionekane.

Nikamwuliza, nifiche? Kwani nimeiba?

Kasema anataka amani. Nikamwambia mwaka jana tulikuwa na amani nyingi sana katika nyumba hii. Amani tele! Hakuna aliyegombana na mtu. Akageuka akatazama ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Nikajuta, nikamshika. Naye ni baba yake Vola. Ninasahau wakati mwingine kwamba si wangu peke yangu.

Lakini sifichi. Ng'o! Nitafanya Alhamisi. Alhamisi ni mwiko kuingia shambani, watu wote wapo nyumbani, na yeye yupo. Kamba inakatwa mara moja kwa panga, mtu anashuka zake. Msumari haukatwi. Atalazimika kuung'oa kwa mkono wake mwenyewe, polepole, mimi nimesimama hapo na Tombo mgongoni. Nataka nione kama ataweza.

Akiweza, nitapigilia mwingine.

Jumatano, 30 Januari

Nimenunua kamba mpya, na msumari. Wa inchi nne. Mwenye duka kauliza ni wa kutundika nini, mbona mmoja tu. Nikamwambia ni wa kutundikia mzigo wangu. Kaniangalia vibaya.

Mama mkwe kauona ukitoboa mfuko wa nguo yangu. Kauangalia muda mrefu. Kisha kaniuliza kama mchele umeiva.

Alhamisi, 31 Januari

Nimefanya.

Niandike yote kwa mpangilio. Tumekunywa kahawa. Nimefagia, nimetandika mkeka, nimemfunga Tombo mgongoni, nimechukua nyundo. Feno alikuwa amesimama katikati ya chumba. Nikadhani atanizuia. Akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto. Usimtikise."

Nikampa. Hakutoka nje. Alibaki palepale na mtoto wake, uso umekuwa kama majivu, lakini alibaki.

Nikaweka ncha ya msumari kwenye nguzo. Mkono haukutaka kunyanyuka! Mimi na mdomo wangu wote huu, nikaogopa. Nguzo ile imekuwa nyeusi kwa pombe za miaka mingapi sijui. Nikaona nimesimama mlangoni mwa nyumba ya watu bila kupiga hodi. Ndipo likanijia, sijalipanga, nikasema:

"Vola, mwanangu. Mama anapigilia msumari. Sogea kidogo usije ukaumia."

Nikapiga. Pigo la kwanza mchi wa mama mkwe ukasimama. La pili nikasikia miguu. La tatu ngazi ikalia. Niliendelea mpaka ukabaki urefu wa kidole.

Mzee Totobe alikuwa mlangoni, nyuma yake vichwa vya watu. Hakuwa na panga, Alhamisi halishikwi. Aliuangalia msumari, kisha mimi. Kwa mara ya kwanza alinipigia kelele. Nani kakupa ruhusa! Katika nyumba ya babu yangu, nani?

"Vola," nikasema.

Akasema Vola ni mtoto.

"Baba, ni wewe uliyembeba. Ulisema mpokeeni, amekuja mwenzenu. Mimi nilikuwepo, nilisikia, na wote hawa walisikia. Kama ni mwenzao, basi na yeye yumo kwenye pembe hii. Yeye ni mzee wangu mimi. Nimemwomba ruhusa mwanangu, sikuruka mtu. Na kama si mwenzao, niambie hapa hapa, tusikie wote. Ulimweka nani kule msituni?"

Sikujua kama nina sauti kubwa kiasi hicho. Tombo akaanza kulia, Feno akawa anambembeleza, sh, sh, sh.

Mzee alikuja mpaka kwenye nguzo. Nilidhani atanipiga. Akaushika msumari kwa vidole viwili, akautikisa. Haukutikisika. Akaushikilia tu. Halafu akaniacha, akapita katikati ya watu, akashuka ngazi akijishika, mguu mmoja mmoja, kama mtu anayebeba kitu.

Mmoja huko nje kasema nirudishwe kwetu leo leo, kabla ardhi haijatuadhibu. Mwingine kasema aka, mwacheni kwanza, maneno yake yana uzito. Sikwenda kuona ni nani.

Nimefunga kamba ya nne.

Alhamisi, jioni

Kimekaa vizuri! Pembe nne zimenyooka, kuta zake ziko wima, nafasi ndani mpaka naweza kukaa na kuandika. Tombo kalala katikati, ametanua mikono, hakuna anapogusa. Mwaka mzima sijawahi kuvuta pumzi hivi.

Mzee Totobe amekaa chini ya ghala la mchele tangu asubuhi. Hajala. Feno kampelekea maji, kayaweka chini. Feno kamwuliza anafikiri nini. Kasema, "Niache nihesabu watu wangu."

Sasa hivi mama mkwe amepanda na Lanto begani, mtoto amelala fofofo, mdomo wazi. Akainua chandarua bila hodi, akamsukumiza ndani hivyo hivyo, miguu ya mtoto haijanawa.

"Sogea, Mama Vola. Huyu naye ana damu."

Kisha akashuka kwenda kuwasha moto wake.

Mama Vola. Tangu Machi hakuna aliyeniita hivyo. Siku ya pili tu baada ya mazishi walianza kunyamaza kwenye jina langu, na Tombo alipozaliwa wakapumua, wakapata jina jipya la kuniita. Nimekaa hapa na watoto wawili wamelala, machozi yanadondoka kwenye daftari, wino umesambaa. Potelea mbali.

Ngazi inalia.

Ni yeye. Mkono wa kulia ana chupa ya pombe. Wa kushoto ana koleo, lile kubwa la kung'olea misumari.

Ameketi mbele ya pembe. Koleo ameliweka kando ya goti. Ameniambia nitoke humo, ana maneno na wazee. Nikamwambia sitoki, Baba, maneno yasemwe nikiwa humu humu. Sikusema kwa ukali. Hakurudia. Feno amesimama mlangoni, na mama yake nyuma yake, mikono ina unga.

Anasukutua mdomo kwa pombe. Anamwaga tone la kwanza chini ya nguzo. Ameanza kuwaita.

Siku zote huanza na wa mbali, walioshuka na mto wakafyeka msitu huu, kisha anakuja karibu, mmoja mmoja, kwa jinsi walivyotangulia. Ninaandika kwa kupapasa maana namwangalia yeye. Amemtaja babu aliyeijenga nyumba hii. Amewataja kaka zake wawili waliochukuliwa na kimbunga. Baba yake. Shangazi yake asiyezaa. Sauti imetulia, haina hasira, inawaita kama anawaita kwenye chakula.

Koleo hajaligusa.

Mama yake mzazi. Huyu huwa wa mwisho, ndiye mtu mzima wa mwisho kufa katika nyumba hii. Kila mara akimtaja yeye humimina chupa yote na kusema haja yake.

Amemtaja.

Hajamimina. Ameshika chupa hewani. Baada ya mama yake hajafa mtu katika nyumba hii ila mmoja, na kila aliye mlangoni anajua hivyo. Lanto amegeuka kanipiga teke, sijasogea. Mzee anaangalia kichwa cha msumari wangu. Anafumba macho. Anavuta pumzi, mdomo unafunguka —